14, 7, 3: Sheria ya mimba ambayo Dodoma inaiona na kuipita

Fungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, utafute vifungu vinavyohusu kutoa mimba. Kwa namba zilizozoeleka mahakamani, kifungu cha 150 kinamhusu anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria: miaka 14 jela. Cha 151 kinamhusu mwanamke mwenyewe, aliyejitoa au aliyekubali kutolewa: miaka 7. Cha 152 ni cha aliyempatia dawa au kifaa huku akijua kinakwenda kufanya kazi gani: miaka 3.

Sasa chukua kanuni ya Kenya. 14, 7, 3. Ya Uganda: 14, 7, 3. Ile inayotumika kusini mwa Nigeria: 14, 7, 3. Halafu vuka bahari hadi jimbo la Queensland kule Australia, kwenye kanuni ya jinai iliyopitishwa mwaka 1899, vifungu vya 224, 225 na 226. Adhabu ni zile zile na zimepangwa vile vile.

Ninaishi katika mji ambao sheria hutungwa. Bunge la bajeti likianza Aprili, nyumba za wageni za Area D na Kisasa hujaa, bei ya vyumba hupanda, na kila baa ina mtu anayemjua mbunge fulani. Msimu wote huo mada ya mimba hutajwa kwa nadra, na ikitajwa huishia kwenye sentensi moja: tulinde mila zetu dhidi ya ajenda za kutoka nje. Sina ugomvi na mila. Ila katika suala hili, kilichokuja kwa meli ni kifungu chenyewe.

Mzizi uko Uingereza. Sheria ya kale ya huko iliangalia kama mama ameshamsikia mtoto akicheza tumboni. Mwaka 1803 Bunge lao likaandika: mimba ikitolewa baada ya mtoto kucheza, mtoaji anyongwe, kabla ya hapo, adhabu ipungue. Mwaka 1837 tofauti hiyo ikafutwa pamoja na kitanzi. Mwaka 1861 ikaja sheria iliyotawala kwa zaidi ya karne moja, yenye kifungo cha maisha, na safari hii mwanamke mwenyewe akatajwa waziwazi kuwa mkosaji. Katika Bunge hilo hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Wanawake wa Uingereza walianza kupiga kura za ubunge mwaka 1918, na hata hapo ni wale waliotimiza miaka 30.

Jaji mmoja wa Queensland, Samuel Griffith, akaikusanya sheria ya jinai ya Kiingereza katika kanuni moja iliyopangika vizuri. Wizara ya Makoloni ikaipenda. Ikaipeleka Nigeria ya Kaskazini mwaka 1904, Nigeria nzima mwaka 1916, na mwaka 1930 ikaishusha Afrika Mashariki kuchukua nafasi ya kanuni ya adhabu ya India iliyokuwa ikitumika hapa. Wakati huo Tanganyika ilikuwa na Baraza la Kutunga Sheria lililoanza mwaka 1926, na Mwafrika wa kwanza aliingia humo mwaka 1945. Kwa hiyo miaka 7 ya mwanamke wa Kongwa au Bahi iliamuliwa bila Mgogo, bila Mrangi, bila Mtanganyika mweusi yeyote, seuze mwanamke.

Kwa Wagogo, kama kwa wafugaji wengi, mimba ya binti ambaye hajaolewa ilikuwa shauri la mifugo kati ya ukoo na ukoo, na wakunga walikuwa na mizizi yao ambayo haikuzungumzwa mbele ya wanaume. Sisemi utaratibu ule ulikuwa wa haki. Ng'ombe walikwenda kwa baba, binti alibaki na tumbo. Ninachosema ni kwamba anayetetea kifungu cha 151 kwa jina la mababu anawasingizia mababu.

Kilichofuata baada ya hapo husimuliwa mara chache. Wenye sheria wakaanza kuiacha mmoja mmoja. Mwaka 1938 daktari wa London, Aleck Bourne, alimtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na askari, kisha akajipeleka mwenyewe polisi. Jaji aliwaeleza wazee wa baraza kwamba sheria ikiadhibu kitendo kilichofanyika kinyume cha sheria, basi kipo kinachofanyika kwa mujibu wake, na kwamba kuokoa uhai wa mama kunaweza kumaanisha pia kumwokoa asiharibikiwe kabisa mwili au akili. Bourne akaachiwa huru. Mwaka 1967 Uingereza ikatunga sheria mpya. India, ambayo kanuni yake tuliivua mwaka 1930, ikatunga yake mwaka 1971. Queensland ilivifuta vifungu vya 224, 225 na 226 mwaka 2018. Na Juni 2025 wabunge wa London walipiga kura, 379 dhidi ya 137, kuunga mkono kumwondoa mwanamke mwenyewe kwenye mkono wa jinai.

Mwenye shati kulivua si sababu ya wewe kulivua. Hilo nalikubali, na wale wanaosema Afrika ijiamulie yenyewe wana hoja. Basi tuangalie ilivyojiamulia.

Julai 2003, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana Maputo na kupitisha itifaki ya haki za wanawake. Ibara yake ya 14 ndiyo maandishi ya kwanza ya mkataba wowote wa haki za binadamu duniani kutamka wazi kwamba mwanamke apate huduma ya kitabibu ya kutoa mimba katika hali zilizotajwa: amebakwa, ameingiliwa na ndugu wa damu, ameshambuliwa kingono, au mimba inahatarisha afya yake ya mwili na akili, au uhai wake au wa kilichomo tumboni. Hakuna Mzungu aliyeiandika kwa niaba yetu. Tanzania iliiridhia mwaka 2007, bila kuweka angalizo, yaani bila kusema kwamba ibara hiyo haitaifunga.

Kuridhia mikataba ya namna hiyo, kwa mujibu wa Katiba yetu, ni kazi ya Bunge. Na mkataba ukisharidhiwa hauingii mahakamani wenyewe. Lazima itungwe sheria ya ndani. Sheria hiyo haijatungwa. Wanasheria wanawake na asasi wenzao waliandaa rasimu ya sheria ya uzazi salama, na rasimu hiyo haijawahi kuwa sheria. Kwa hiyo tuna nchi moja yenye majibu mawili. Ukimuuliza balozi wetu mbele ya Umoja wa Afrika, msichana wa Chemba aliyebakwa ana haki ya huduma. Ukimuuliza mwendesha mashtaka, anakabiliwa na miaka 7.

Walipokuwa wakiridhia itifaki hiyo hiyo mwaka 2010, Wakenya na Waganda waliweka angalizo kwenye kipengele cha kutoa mimba. Hawakukitaka na wakasema hivyo. Unaweza kuwapinga, lakini walisema. Tena Wakenya waligombana mwaka huo huo kwenye kura ya maoni ya katiba, makanisa yakipiga kampeni ya kuikataa kwa sababu ya sentensi moja, na katiba ikapita ikiwa na ibara inayoruhusu mimba itolewe pale mtaalamu wa afya anapoona kuna dharura au uhai au afya ya mama imo hatarini. Wizara yao ya afya ikatoa mwongozo mwaka 2012, ikauondoa mwaka uliofuata. Juni 2019 Mahakama Kuu ikasema kuuondoa kulikuwa kosa, katika shauri lililotokana na kifo cha msichana aliyebakwa akiwa na miaka 14. Ni mapambano ya wazi, yenye kushinda na kushindwa. Sisi tulifunika kombe mwanaharamu apite. Tulisaini tusionekane wakaidi kwa wenzetu wa Afrika, tukanyamaza tusionekane wapotovu kwa wapiga kura.

Naamini ukimya huo ulipimwa. Mwanasiasa anayetaka sheria ibane zaidi atalazimika kueleza itifaki aliyoiridhia. Anayetaka ilegezwe atasomwa jina lake kwenye ibada ya Jumapili na hotuba ya Ijumaa. Asiyesema kitu hapotezi kura hata moja. Gharama inahamia kwa watu wengine, na watu hao hawana kikao.

Wa kwanza ni daktari. Kanuni ile ile ina kifungu cha 230: mtu hana hatia ya jinai akifanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi wa kutosha, kwa ajili ya kuokoa uhai wa mama, kama hali ya mgonjwa inastahili. Na hukumu ya mwaka 1959 ya Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyotoka kwenye kesi ya daktari wa Kenya, iliufuata mtazamo wa London wa mwaka 1938. Kwa maneno mengine, mlango upo. Hakuna aliyeandika upana wake. Mama mwenye ugonjwa wa moyo akija na mimba changa, hiyo ni hatari ya uhai au ya afya? Nani anaamua, daktari mmoja au wawili? Mganga mfawidhi wa kituo cha afya anaweza, au lazima mgonjwa apelekwe rufaa? Daktari mwenye akili timamu, mbele ya miaka 14, atachagua kungoja. Atangoja mpaka hali iwe mbaya kiasi kwamba hakuna wa kumuuliza. Mimba haitibiki kwa kungojwa.

Wa pili ni mwanamke ambaye mimba imeshaharibika. Kutibiwa kwake si kosa, na serikali yenyewe imefundisha wahudumu huduma ya baada ya mimba kuharibika. Lakini fika wodini. Binti ameletwa na bodaboda, kanga imelowa, shangazi yake anashika pochi. Swali la kwanza anaulizwa kwa sauti ambayo vitanda vitatu vinaisikia: "Imetoka yenyewe au umeitoa?" Anajibu alianguka akichota maji. Muuguzi anajua maji hayahusiki. Shangazi naye anajua. Kwenye faili inaandikwa mimba imeharibika, na aliyemfanyia hatajwi na mtu, wala alichokunywa, jambo ambalo daktari angelihitaji kulijua haraka kuliko jambo lolote. Anadanganya kwa sababu amesikia kuna polisi. Akisafishwa vizuri, anarudi nyumbani. Akichelewa siku mbili kwa kuogopa swali hilo, sumu imeshaingia kwenye damu.

Utafiti uliofanywa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na Chuo Kikuu cha Muhimbili pamoja na taasisi ya Guttmacher ya Marekani ulikadiria kwamba mwaka 2013 mimba 405,000 zilitolewa nchini. Wanawake kama 66,600 walitibiwa madhara hospitalini, na karibu 100,000 wengine waliopata madhara hawakufika kabisa. Hao 100,000 ndio wa kuangaliwa, kwa sababu matibabu waliyoyakosa yalikuwa halali. Sheria iliyotungwa kumzuia mtu kutoa mimba inamzuia kutibiwa.

Utafiti huo ulionyesha jambo jingine ambalo sijasikia likijadiliwa. Wastani wa taifa ulikuwa mimba 36 kwa kila wanawake 1,000 wenye umri wa kuzaa. Kanda ya Ziwa ilifika 51 na Nyanda za Juu Kusini 47. Kifungu cha 150 ni kile kile Bukoba na Mbeya na Tanga. Kama jela ndiyo inayoamua, tofauti hiyo imetoka wapi? Imetoka kwenye mambo ya kawaida kabisa: nani anapata njia ya uzazi wa mpango na nani anaikosa, nani ana mume anayekataa, kituo kiko kilomita ngapi. Kati ya 2015 na 2022, matumizi ya njia za kisasa kwa wanawake walioolewa yalisimama pale pale, 32 kwa mia kisha 31. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2018, Rais Magufuli alisema wanaotumia uzazi wa mpango ni wavivu, na matangazo ya huduma hizo yakasimamishwa redioni na kwenye televisheni. Kiongozi yule yule hakuwa mtetezi wa kutoa mimba. Hesabu tu haikupigwa.

Mwenye pesa ana njia yake. Kila mji una zahanati binafsi ambayo wanaojua wanaijua, inaandika "kusafisha kizazi" kwenye risiti na haiulizi. Mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma ataambiwa na mwenzake wa bweni ni duka gani la dawa, atakwenda jioni wateja wakipungua, atataja misoprostoli kwa jina lake la mtaani, atapewa vidonge vimefungwa kwenye kipande cha gazeti bila maelezo. Dawa hiyo hiyo iko wodini kihalali, inazuia kina mama kutokwa damu baada ya kujifungua. Kinachokosekana pale dukani ni mtu wa kumwambia lini aogope na akimbilie wapi. Binti wa kijijini kule Mpwapwa hana hata duka hilo. Ana kijiti cha muhogo na mama mmoja anayesifika.

Shule nayo imo. Takwimu za 2015-16 zilionyesha kwamba Dodoma, wasichana 39 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba, wakati wastani wa taifa ulikuwa 27. Mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa vinara. Wakati huo msichana akipata mimba alifukuzwa, kwa kanuni za mwaka 2002 zilizoruhusu kumwondoa mwanafunzi kwa kosa la maadili. Wasichana walipangwa mstari kwa kipimo cha mkojo, au nesi aliwaminya tumbo mmoja mmoja darasani au ofisini. Tarehe 22 Juni 2017, kule Chalinze, Rais alitangaza kwamba chini yake mwenye mimba harudi shuleni. Sasa jiweke kwenye nafasi ya msichana wa kidato cha pili. Ukibaki na mimba, adhabu ni ya hakika na inakuja muhula huu. Ukiitoa, kuna miaka 7 ambayo hujawahi kumwona mtu akifungwa. Serikali iliyokuwa ikisema inapinga utoaji mimba iliwasukuma wasichana wake kuutafuta, kwa kalenda ya upimaji iliyobandikwa ukutani.

Katazo hilo liliondolewa tarehe 24 Novemba 2021, Profesa Joyce Ndalichako akiwa Waziri wa Elimu. Mwaka uliofuata, kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto ikaamua kwamba kuwafukuza na kuwapima kwa lazima kulikiuka haki zao. Na mbingu hazikuanguka. Zanzibar nako, sheria ya mwaka 1985 iliyomfunga msichana kwa kupata mimba nje ya ndoa ilibadilishwa mwaka 2005, na Zanzibar imebaki ya Kiislamu kama ilivyokuwa. Nataja haya kwa wale wanaoniambia kwamba ukigusa sheria ya mimba jamii itasambaratika.

Nirudi kwa aliyebakwa, maana hapo ndipo sheria yetu inapojikanyaga yenyewe. Tangu mwaka 1998 ubakaji una adhabu isiyopungua miaka 30. Tangu 2016, kumpa mimba mwanafunzi ni miaka 30. Tuna madawati ya jinsia polisi, tuna vituo vya mkono kwa mkono, vinavyotoa huduma zote mahali pamoja. Binti akifika mapema, anapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, anapelekwa hospitali, anapewa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ndani ya saa 72 na vidonge vya kuzuia mimba. Mnyororo huo umepangwa kwa akili. Lakini wengi hawafiki mapema. Wanafika tumbo likianza kuonekana, mara nyingi baada ya mwalimu au jirani kugundua. Hapo mnyororo unakatika. Serikali iliyokuwa imemshika mkono inamwachia, na akijishika mwenyewe inamgeukia kama mtuhumiwa.

Huwa naulizwa: je, akisema amebakwa kumbe sivyo? Ni swali la haki. Ethiopia, walipobadilisha sheria yao mwaka 2005, waliamua kwamba kauli ya mwanamke inatosha, wakijua kwamba kesi ya ubakaji inaweza kuchukua mwaka na mimba inachukua miezi tisa. Sisi tunaweza kuwa wagumu kuliko wao, tudai PF3 na maelezo ya daktari. Hata hivyo lazima tuchague kitu. Kusubiri hukumu ya mahakama ni kukataa kwa njia ya adabu.

Dini. Ugogo ni nchi ya Waanglikana tangu wamisionari wafike Mpwapwa miaka ya 1870, Kondoa ni ya Waislamu, na Wakatoliki wana hospitali zao kila kona. Sitegemei Kanisa Katoliki libadili msimamo, na hakuna sheria inayopaswa kumlazimisha muuguzi wake kufanya asichokiamini. Itifaki ya Maputo haimlazimishi. Lakini kwenye dini kuna mjadala mpana kuliko tunavyoambiwa. Wanazuoni wa Kiislamu wamebishana karne nyingi juu ya siku 120 za kwanza, na walio wengi wanautanguliza uhai wa mama. Hata Roma iliwahi kutofautisha mimba yenye roho na isiyo nayo katika adhabu zake, mpaka Papa Pius wa Tisa alipoiondoa tofauti hiyo mwaka 1869. Mashehe na mapadri wanajua historia hii. Mbunge ndiye anayezungumza kana kwamba jambo lilikwisha Sinai.

Upande wa pili nao una udhaifu wake, na nitausema. Harakati hizi kwa muda mrefu zimeendeshwa kwa fedha za nje, na fedha za nje zina mwenyewe. Tangu mwaka 1984, kila Marekani inapobadilisha chama tawala, sera ya kuzinyima fedha asasi zinazogusa utoaji mimba hurudi au huondoka: Reagan aliileta, Clinton akaiondoa, Bush akairudisha, Obama akaiondoa, Trump akairudisha, Biden akaiondoa, na Januari 2025 Trump akairudisha tena. Mwaka huo huo shehena ya dawa za uzazi wa mpango yenye thamani ya dola milioni 9.7, iliyonunuliwa kwa fedha za Marekani, ilikwama ghalani Ubelgiji, na sehemu yake ilikuwa ije Tanzania. Mwanamke wa Bahi anayefuata sindano yake ya miezi mitatu hakuwa na kura Marekani. Asasi zikizoea kuandika maandiko ya kuombea fedha kwa Kiingereza, zinasahau kuandika kwa Kiswahili kwa ajili ya mbunge wa Chilonwa. Hilo limeigharimu hoja kuliko mahubiri yoyote.

Wanaoamini jela ndiyo kinga waiangalie Romania. Mwaka 1966 Ceaușescu alipiga marufuku karibu yote, wanawake wakachunguzwa viwandani kama wana mimba, na nchi ikaishia kuwa na vifo vingi vya uzazi kuliko majirani zake wote wa Ulaya. Alipoanguka Desemba 1989, katazo lilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kufutwa, na ndani ya mwaka mmoja vifo hivyo vilishuka karibu nusu. Sisi tunajivunia, na tuna haki ya kujivunia, kwamba vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 104 kwa takwimu za 2022. Vinavyobaki ndivyo vigumu, na mimba zilizotolewa vichochoroni zimo humo.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu, na kazi ya kuzitafsiri inaendelea. Kila kifungu cha Sura ya 16 kitapita mezani kwa mtu mmoja mmoja, kisomwe, kiandikwe upya kwa lugha ambayo kila mpiga kura anaielewa. Sijui kisingizio kizuri cha kukipitisha kifungu cha 151 jinsi kilivyo huku Itifaki ya Maputo ikiwa kwenye kabati la ofisi hiyo hiyo.

Na Bunge likiendelea kuogopa, bado kuna kazi ndogo isiyohitaji muswada. Kifungu cha 230 kipo tayari. Wizara ya Afya, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Dodoma, inaweza kuketi na ofisi ya Mwanasheria Mkuu na madaktari bingwa wa magonjwa ya kina mama, wakaandika kurasa chache: magonjwa gani yanahesabika kuhatarisha uhai, nani anasaini, kituo cha ngazi gani kinaruhusiwa, na kwamba mhudumu hapaswi kumpigia polisi simu mgonjwa anayetokwa damu. Mwongozo huo utiwe sahihi na Mganga Mkuu wa Serikali, upelekwe kwa waganga wakuu wa mikoa, na nakala ibandikwe kwenye chumba cha daktari wa zamu.